Mpaka Unapofungwa Ghafla: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Tanzania na Majirani Zake

Mwezi uliopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu biashara ya Tanzania na nchi zinazoizunguka, na kuhusu namna siasa za nje zinavyoigusa biashara hiyo. Barua zimetoka kwa wakulima, madereva, wastaafu, wanafunzi na wachuuzi wa pande mbalimbali za mipaka, na nyingi zinarudi kwenye kilio kimoja: mtu amefuata taratibu zote alizoelekezwa, kisha taratibu zikabadilishwa mzigo ukiwa njiani. Barua tumezifupisha, na majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mwandishi, mimi ni mfanyabiashara wa mahindi mkoani Songwe. Tumeelezwa miaka mingi kwamba Afrika Mashariki ni soko moja. Mwaka 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu, na mwaka 2025 Malawi nayo ikazuia mazao yetu. Kama soko ni moja, nani mwenye mamlaka ya kufunga mlango?

JIBU: Ndugu yangu, ulichoelezwa ni kweli, ila hukuelezwa chote. Itifaki ya Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitiwa saini Machi 2004 na kuanza kutumika Januari 2005. Iliondoa ushuru wa forodha kwa bidhaa zinazozalishwa ndani ya nchi wanachama, ingawa kwa miaka mitano ya mwanzo baadhi ya bidhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zilipoingia Tanzania na Uganda, ili viwanda vya nchi hizo mbili vipate muda wa kujijenga. Tangu mwaka 2010 mahindi yaliyolimwa katika nchi mwanachama, yakiwa na cheti cha uasili wa bidhaa, yaani cha kuthibitisha yalikozalishwa, hayapaswi kutozwa ushuru huo yanapovuka Namanga, Holili au Sirari. Hata hivyo, kila nchi imebaki na haki ya kuzuia bidhaa kwa ajili ya kulinda afya ya watu, mifugo na mimea, na mara nyingi haki hiyo ndiyo inayotajwa pale mpaka unapofungwa.

Tarehe 5 Machi 2021 mamlaka ya Kenya inayosimamia kilimo na chakula iliiandikia forodha ya nchi hiyo isimamishe uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda, kwa maelezo kwamba vipimo vimeonyesha sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu kwenye nafaka, iliyozidi kiwango salama. Siku 5 baadaye zuio hilo liliondolewa kwa masharti: waingizaji wasajiliwe, kila shehena iwe na cheti cha kuthibitisha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni, na iwe pia na cheti cha uasili. Wapo kwetu waliosema kwamba sumukuvu ilikuwa kisingizio tu. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, kwa sababu sumukuvu inasababisha saratani ya ini na inaua. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, nasi hatukuhitaji kuambiwa na jirani kwamba ghala lenye unyevu ni hatari. Tena kiwango hicho cha sehemu 10 kwa bilioni ni kiwango cha Jumuiya nzima, kwa hiyo Kenya haikujitungia sharti geni. Kasoro ilikuwa katika njia iliyotumika. Kama nchi zina kiwango kimoja, jambo la busara lingekuwa kupima kwa pamoja, kuizuia shehena iliyoshindwa kipimo na kuiachia iliyofaulu, badala ya barua moja kusimamisha mazao ya nchi mbili nzima, pamoja na ya mkulima aliyekausha mahindi yake vizuri juu ya turubai.

Hali ilitulia zaidi baada ya Rais Samia Suluhu Hassan kwenda Nairobi Mei 2021 na kukubaliana na Rais Uhuru Kenyatta kwamba vikwazo vya kibiashara baina ya nchi hizo viondolewe, na kwa kweli biashara ikachangamka. Nilifurahi kama wengine, lakini sikupenda kwamba gunia la mahindi lilihitaji marais wawili ili lipite mpakani. Utaratibu wa Jumuiya wa kuondoa vikwazo visivyo vya kiushuru ulikuwepo, una kamati za kitaifa na ngazi ya mawaziri, ila haukuwa na kasi ya kuokoa mzigo unaokaa juani.

Sasa kuhusu upande wetu, kwa sababu barua yako inataja makosa ya majirani tu. Tanzania nayo imewahi kuzuia mahindi yasitoke, ikiwa ni pamoja na mwaka 2011 na tena mwaka 2017, kwa hoja ya kulinda akiba ya chakula nchini. Hoja hiyo haina ubaya wowote. Hakuna serikali inayoweza kutazama watu wake wakikosa unga. Lakini mkulima wa Rukwa au Ruvuma aliyekopa pembejeo kwa kutegemea bei ya mnunuzi wa nje alijikuta amebaki na mavuno ambayo soko la ndani lilimpangia bei ya chini, naye mnunuzi wa nje alianza kutafuta mahindi mahali pengine. Oktoba 2017 mamlaka zetu ziliteketeza vifaranga 6,400 vilivyoingia kutoka Kenya kupitia Namanga, kwa maelezo ya kuzuia homa ya mafua ya ndege, na katika kipindi hicho hicho zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji kutoka Kenya waliovuka kutafuta malisho walipigwa mnada. Sheria ilikuwepo, na magonjwa ya mifugo si jambo la mzaha. Hata hivyo wafugaji wa Kimaasai wamekuwa wakifuata mvua pande zote mbili za mpaka huo tangu kabla haujachorwa, na nchi mbili rafiki zingeweza kuwarudisha ng'ombe hao walikotoka.

Malawi ni habari tofauti kidogo, kwa kuwa si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sisi na wao tunakutana katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, yaani SADC, ambayo nayo ina eneo huru la biashara tangu 2008. Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa mazao kadhaa ya nje, yakiwemo mchele, tangawizi, ndizi na unga wa mahindi, na hatua hiyo iliwaumiza hasa wakulima na wachuuzi wa Mbeya na Songwe. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezuia ndizi zetu kwa muda mrefu. Aprili 2025 Waziri wa Kilimo wakati huo, Hussein Bashe, alitangaza kwamba mazao ya kilimo ya nchi hizo mbili hayataingia Tanzania. Muda mfupi baadaye marufuku hiyo ikaondolewa ili mazungumzo yapate nafasi. Wengi waliipongeza serikali kwa kusimama imara, nami naelewa kwa nini, kwa sababu kwa miaka mingi mkulima wetu wa ndizi alikuwa hana wa kumsemea. Kulipiza kunaweza kumrudisha mwenzako mezani. Kukigeuka kuwa ndiyo njia ya kawaida ya kuzungumza na jirani, gharama zinaanza kuwaangukia watu wa ndani: mwenye jokofu la matufaha Kariakoo, dereva, mpakiaji, na wewe mwenyewe siku jirani atakapojibu.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni kwamba kila nchi ina mamlaka ya kufunga, na mikataba haijawahi kuyaondoa. Ambacho tunaweza kudai, na ambacho mimi nadhani wafanyabiashara wa nafaka mnapaswa kukidai kupitia vyama vyenu, ni muda wa taarifa: zuio litangazwe mapema kwa idadi ya siku inayojulikana, mzigo uliokwisha kupakiwa uruhusiwe kumaliza safari, na sababu iandikwe kwa namna inayoweza kupimwa maabara. Mfano wa jambo lililokwenda vizuri tunao. Mwaka 2024, Zambia ilipopigwa na ukame uliotangazwa kuwa janga la taifa, Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ulikubaliana na nchi hiyo kuiuzia tani 650,000 za mahindi. Kiasi kilijulikana na mnunuzi alijulikana, na mkulima wetu alijua kwamba soko lipo.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa, Dodoma. Kwa nini Tanzania ilijitoa COMESA wakati Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zimo? Je, hatukujitenga na majirani?

JIBU: Tanzania ilitoka katika Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, yaani COMESA, mwaka 2000. Sababu mbili zilitajwa zaidi wakati huo: hofu ya kupoteza mapato ya forodha na kuviacha viwanda vya ndani bila kinga mbele ya bidhaa za nchi nyingi, na mzigo wa kuwa mwanachama wa jumuiya nyingi zinazofanya kazi inayofanana. Kiufundi pia kuna tatizo ambalo bado lipo hadi leo. Nchi haiwezi kuwa ndani ya umoja wa forodha wa aina mbili, kwa sababu umoja wa forodha una kiwango kimoja cha ushuru kwa bidhaa zinazotoka nje, na haiwezekani forodha ya Dar es Salaam itoze viwango viwili tofauti kwa kontena moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vyake, ambavyo tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35.

Lakini usiitazame SADC, ambayo tulibaki ndani yake, kwa jicho la ushuru peke yake. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoiasisi mwaka 1980, ikiitwa kwa jina lake la kwanza la SADCC, na iliasisiwa ili nchi huru zipunguze utegemezi kwa Afrika Kusini ya makaburu. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, Zambia ilibanwa njia zake za kusini, na jibu la Dar es Salaam na Lusaka lilikuwa kujenga. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi 1968. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975. Ukisoma historia hiyo utaona kwamba sera yetu ya nje kuelekea kusini iliandikwa kwa chuma na saruji kabla haijaandikwa kwenye vitabu vya ushuru, na ndiyo maana kiongozi yeyote wa Tanzania angeona uzito kuondoka SADC.

Je, tulijitenga? Kwa sehemu, ndiyo. Bidhaa za Kenya na Misri ziliendelea kuingia kwa unafuu katika masoko ya COMESA ambayo za kwetu hazikuupata. Pengo hilo limepungua, kwa sababu mkataba wa eneo huru la biashara la pande tatu, yaani COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, uliotiwa saini Sharm el-Sheikh Juni 2015, ulianza kuwa na nguvu ya kisheria Julai 2024, na kwa upande mwingine Bunge letu liliridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara Barani Afrika mwaka 2021. Katika utafiti wako ningekushauri ufuatilie pia mkataba wa ubia wa kiuchumi baina ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na Umoja wa Ulaya. Kenya na Rwanda ziliusaini Septemba 2016, Bunge la Tanzania likashauri usisainiwe Novemba mwaka huo kwa hofu ya viwanda kufa, na hatimaye Kenya ikaingia mkataba wake peke yake, ambao umeanza kutumika Julai 2024. Hapo utaona nchi mbili zenye ushuru mmoja wa nje zikiwa na milango miwili tofauti kuelekea soko lile lile, na hakuna anayeweza kusema kwamba umoja wa forodha umebaki mzima kwa hali hiyo.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni Mkenya, nimefungua duka dogo la kutengeneza simu Arusha kwa leseni halali. Mwaka 2025 ilitoka amri inayokataza wageni kufanya biashara za aina yangu. Mimi ni mgeni au ni mwana Afrika Mashariki?

JIBU: Ndugu yetu, karibu, na swali lako ni zito kuliko linavyoonekana. Amri ya Julai 2025 iliyotolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara iliorodhesha shughuli 15 ambazo mtu asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kuzifanya. Miongoni mwake ni utengenezaji wa simu, huduma za fedha kwa simu, saluni, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo wa madini, ununuzi wa mazao shambani, na biashara ya jumla na rejareja isipokuwa maduka makubwa ya kujihudumia. Mwenye leseni halali aliruhusiwa kuendelea hadi leseni yake iishe muda. Amri haikumtofautisha raia wa nchi ya Jumuiya na raia wa nchi ya mbali.

Iliyosababisha amri hiyo ni manung'uniko ya kweli. Wafanyabiashara wa Kariakoo walilalamika kwa muda mrefu kwamba watu waliokuja kwa jina la uwekezaji wanauza rejareja barabarani, wanashindana na machinga, na wengine wanatumia leseni za Watanzania. Serikali isingeweza kuwazibia masikio raia wake. Lakini Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi mwanachama nyingine, na kifungu cha 13 kinakataza ubaguzi kwa msingi wa uraia, kwa kufuata ratiba ambayo kila nchi iliahidi. Kwa maoni yangu amri ilipaswa kuwatenga raia wa Jumuiya, au kueleza waziwazi ni ahadi ipi katika ratiba ya Tanzania inayoruhusu kuwajumuisha. Kenya ilipolalamika haikuwa inaomba hisani.

Katiba ya Jumuiya, yaani Mkataba wake, inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika Mashariki iliyoko Arusha kupinga sheria, kanuni au uamuzi wa nchi mwanachama unaokiuka Mkataba, bila kulazimika kuanza na mahakama za nchi. Sharti gumu ni muda: shauri lifunguliwe ndani ya miezi 2 tangu kitendo kifanyike au tangu mlalamikaji akijue. Watu wengi hupoteza haki hapo, kwa kungoja mazungumzo ya mawaziri yaishe. Kwa hali yako binafsi, muone wakili kabla leseni yako haijaisha, na usikubali ushauri wa kuiandikisha biashara kwa jina la Mtanzania asiyehusika, kwa sababu hilo ni kosa kwako na kwake.

SWALI: Mimi ni mstaafu wa reli, Tabora. Niliiona Jumuiya ya kwanza ikivunjika mwaka 1977, na stahili zetu tulizihangaikia miaka mingi. Hii ya sasa ina tofauti gani?

JIBU: Mzee wangu, shikamoo. Wewe uliyaona kwa macho yale ambayo wengi wetu tumeyasoma. Jumuiya iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967 ilikuwa na mali za pamoja ambazo ya sasa haina: reli, bandari, posta na simu, shirika la ndege. Mali hizo ziliifanya ionekane imara, na ndizo zilizogeuka kuwa ugomvi juu ya nani anafaidika zaidi. Tanzania ilikuwa imechagua njia ya Azimio la Arusha wakati Kenya ikienda njia ya soko, na baada ya Idi Amin kutwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye meza moja, hivyo mamlaka ya juu ya Jumuiya ikakosa vikao. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977, haukufunguliwa hadi Novemba 1983, na makubaliano ya kugawana mali yalifikiwa mwaka 1984.

Mkataba wa sasa, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, unataja katika utangulizi wake sababu za kuvunjika kwa ile ya kwanza: kukosekana kwa dhamira ya kutosha ya kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na wananchi, na mgawanyo wa faida usio sawa bila sera za kuurekebisha. Ni jambo la heshima kwa waliouandika kwamba hawakuficha. Tofauti iliyo kubwa zaidi ni kwamba biashara sasa inafanywa na watu na kampuni, si na mashirika ya pamoja, kwa hiyo marais wawili wakinuniana mizigo bado inapita.

Hata hivyo sitakudanganya kwamba hatari imekwisha. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana zenyewe kupanga miradi, na ilibidi Rais Kikwete alieleze Bunge Novemba mwaka huo kwamba Tanzania haitoki. Jumuiya imekua hadi nchi 8 baada ya Sudan Kusini kujiunga 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022 na Somalia 2024, lakini nchi kadhaa huchelewesha michango, na uamuzi wa juu bado unahitaji maafikiano ya wote. Jaribu zito kuliko yote ni Kongo. Waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, huku Kongo na Rwanda, wanachama wawili wa Jumuiya moja, wakitupiana lawama. Tarehe 8 Februari 2025 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC walikutana kwa pamoja Dar es Salaam kutafuta suluhu. Tanzania imo katika jumuiya zote mbili, ina wanajeshi waliowahi kupelekwa Kongo, na Kigoma ndiyo inayopokea wakimbizi kila bunduki zinapolia ng'ambo ya ziwa. Soko la pamoja haliwezi kufika Uvira na Bukavu wakati watu wa huko hawalali majumbani mwao.

SWALI: Ninaendesha lori kutoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma. Tunasikia kwamba mizigo ya Kongo itahamia bandari za upande wa Atlantiki. Je, tuna sababu ya kuogopa?

JIBU: Sababu ya kujipanga ipo. Tanzania imepakana na nchi 8, na 6 kati yake hazina bahari au, kama Kongo, maeneo yao ya mashariki yako mbali mno na bahari yao. Bandari ya Dar es Salaam inaishi kwa sehemu kubwa kwa mizigo ya nchi hizo, Kongo na Zambia zikiwa mbele. Shaba ya Katanga ina njia nyingi za kutokea, ikiwemo Durban na Beira, na sasa reli ya Lobito nchini Angola inafufuliwa kwa kuungwa mkono na Marekani na Umoja wa Ulaya. Mwenye mgodi atapima umbali, tozo, wizi wa mizigo na siku ambazo lori lako linasimama kwenye foleni ya Tunduma. Kituo cha pamoja cha huduma mpakani baina ya Tunduma na Nakonde kilifunguliwa mwaka 2019 ili mzigo ukaguliwe mara moja tu, na foleni inapozidi kuwa ndefu pamoja na jengo hilo, ujue kwamba lililobaki kurekebishwa ni utendaji.

Ninayo kumbukumbu moja ambayo ningependa kila mtunga sera aisome tena. Mwaka 2013, uhusiano wa Dar es Salaam na Kigali ulipokuwa umeharibika kwa sababu za kisiasa, tozo ya barabara kwa malori ya Rwanda nchini Tanzania ilipandishwa kutoka dola 152 hadi dola 500. Rwanda ilijibu kwa kuyatoza malori ya Tanzania kiasi hicho hicho, na wasafirishaji wengi wa Kigali wakaigeukia Mombasa. Tozo zilirudi chini baadaye, lakini mteja aliyekwisha kupata wakala mpya, ghala jipya na njia mpya harudi siku ile ile.

Upande wa matumaini pia upo. Uganda ilikuwa na chaguo la kupitisha mafuta yake Kenya, ikachagua Tanga, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani linapita Tanzania kwa takriban asilimia 80 ya urefu wake. Sababu zilizotajwa zilikuwa gharama, ardhi na usalama wa njia. Reli ya kisasa imeanza kubeba abiria hadi Dodoma tangu 2024, na ikifika Mwanza na Kigoma itabadilisha hesabu ya Burundi na Kongo. Nafahamu kwamba dereva anaweza kuiona reli kama mshindani wake, ila mizigo ikiongezeka malori ya masafa mafupi yatahitajika zaidi, na wewe utalala nyumbani mara nyingi kuliko sasa.

SWALI: Mimi ni mama mchuuzi, Kyaka. Navusha maharage na dagaa kwenda Uganda kupitia Mutukula. Vijana wananiambia nipite njia za panya kwa kuwa forodha ni kwa matajiri. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, usipite huko. Jumuiya ina utaratibu rahisi kwa wafanyabiashara wadogo: kama mzigo wako una thamani isiyozidi dola za Marekani 2,000, umezalishwa ndani ya nchi wanachama na umo katika orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, unajaza fomu fupi na kupewa cheti chepesi cha uasili pale pale mpakani, bila kulipa ushuru wa forodha na bila kulazimika kumtumia wakala. Maharage yatahitaji cheti cha usafi wa mimea, kwa hiyo pita kwanza kwa mkaguzi wa kilimo. Kuhusu dagaa muulize ofisa wa uvuvi ni kibali gani kinahitajika kabla hujafunga magunia. Orodha ya bidhaa inapaswa kubandikwa kituoni, na ukikuta haijabandikwa una haki ya kuiomba.

Ukidaiwa fedha ambayo hupewi stakabadhi yake, andika tarehe, saa, kituo na kiasi, kisha upeleke taarifa kwenye mfumo wa kuripoti vikwazo vya biashara unaoendeshwa kwa pamoja na COMESA, Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, ambao unapokea malalamiko kwa mtandao na kwa ujumbe wa simu. Kila lalamiko hupewa namba na kupelekwa kwa nchi inayolalamikiwa, nayo inatakiwa kujibu. Mkiwa kikundi, andikeni pamoja.